Leza badala ya sindano za akupancha: kinga ya macho kwanza

Malalamiko kuhusu tiba ya leza, yaani mwanga mkali unaoelekezwa kwenye nukta za mwili ambazo akupancha, tiba ya Kichina, huzichoma sindano, yameongezeka, na karibu yote yanakuja na kauli ileile: "Haina sindano, kwa hiyo haina madhara." Si kweli, na inasikitisha kuisikia hata kwa watoa huduma.

Leza haitoboi ngozi, hilo halina ubishi. Inamfaa mtoto, anayeogopa sindano, au ambaye damu yake huchelewa kuganda. Ushahidi kwamba inapunguza maumivu haulingani kwa kila aina ya maumivu, na matokeo hutegemea sana kipimo. Mashine ya miliwati 50 ikishikiliwa kwenye nukta moja kwa sekunde 20 hutoa juli 1 (kipimo cha nishati). Ya miliwati 5 huhitaji sekunde 200 kufikia kiasi hicho. Ndiyo maana kusema "nilipigwa leza dakika tano" hakutuelezi chochote. Dai kadi yako ya matibabu iandikwe nguvu ya mashine, urefu wa wimbi la mwanga wake (huonyesha ni mwanga wa aina gani), nukta zilizotibiwa na muda wa kila nukta.

Leza hupangwa kwa madaraja ya hatari, na nyingi za kazi hii ni za daraja la 3B, linalofika hadi miliwati 500. Baadhi hutoa mwanga wa infraredi usioonekana, hivyo jicho halipati sababu ya kupepesa, na retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, huweza kuungua bila mtu kuhisi maumivu. Miwani ya kinga lazima iwe na maandishi ya urefu wa wimbi wa mashine hiyohiyo, na ivaliwe na mgonjwa, mhudumu na yeyote aliyemo chumbani, msindikizaji akiwemo. Miwani ya jua si kinga. Tumelisema hili mara nyingi mno. Mlango ufungwe na kubandikwa alama ya onyo, saa na vito vinavyong'aa vivuliwe, ufunguo wa mashine uchomolewe kazi inapokwisha. 

Leza isielekezwe kwenye uvimbe wa saratani wala tumbo la mjamzito. Mweleze mhudumu dawa unazotumia, kwani baadhi huifanya ngozi idhurike upesi kwa mwanga. Maumivu yanayoambatana na homa, ganzi au kupungua uzito yachunguzwe hospitali kwanza.

Ukiona doa jeusi au ukungu machoni baada ya tiba, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, na kadi yako mkononi.