Je, wajua kwa nini supaglu haidumu kwenye sabufa ya gari?

Sabufa ya inchi 12 kwenye buti ikianza kutoa sauti ya bati lililolegea, ukainama kuichungulia na kukuta ukingo wake umechanika, dawa inayokuja upesi kichwani ni supaglu ya dukani kwa Mangi. Nami nilikimbilia hiyohiyo. Nilibana mpasuko, nikapaka, nikangoja dakika kumi, nikawasha muziki. Siku mbili ilipiga bila matata. Siku ya tatu ikachanika tena, ila si palepale: ilichanika kando ya gundi, milimita mbili hivi kutoka kwenye mshono. Nikajiambia nimepaka kidogo. Nikaongeza. Ukaja mpasuko wa pili, upande wa pili wa mshono.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba gundi kali zaidi ndiyo dawa bora zaidi. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu na sikuuona: gundi haikushindwa hata kidogo. Mshono ulibaki mzima, imara kama kovu. Kilichokatika ni ukingo wenyewe. Kama mtu angenishauri siku ile nitafute gundi laini zaidi, ningemwona mzushi. Lakini nguvu na ugumu ni vitu viwili tofauti. Kamba ya katani ina nguvu, na bado unaifunga fundo. Kioo ni kigumu, na ukijaribu kukikunja unabaki na vipande. Supaglu, ambayo kemia yake iligunduliwa kwa bahati mwaka 1942 na watafiti wa Kodak huko Marekani, ikikauka hugeuka plastiki ngumu ya jamii ya akriliki. Ukiivuta moja kwa moja, huvumilia mno. Ukiikunja, hukatika. Iliyonimwagikia kwenye kidole gumba ilibanduka yenyewe vipande vipande, nami sikupata somo lolote.

Sasa ukingo wenyewe. Spika ina koni, mara nyingi ya karatasi au plastiki, inayosukumwa mbele na nyuma na koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo ndani ya sumaku. Mpango huo haujabadilika sana tangu Rice na Kellogg, wahandisi wa Marekani, walipouandika mwaka 1925. Ukingo ni ule mviringo laini wa mpira au sponji unaoshika koni kwenye fremu. Kazi yake ni kukunjika na kukunjuka, na kuzuia hewa ya mbele isichanganyike na ya nyuma, maana zikikutana besi hufa.

Tazama waya wa chaja ya simu. Hukatika wapi? Si katikati, na si ndani ya kichwa chake cha plastiki. Hukatika shingoni, pale waya laini unapokutana na plastiki ngumu. Waya wote uko tayari kukunjika kidogokidogo, lakini kichwa kinakataa katakata, kwa hiyo mkunjo wote unaopaswa kugawanwa na sentimita kadhaa unabebeshwa milimita chache. Ndiyo maana chaja nzuri huwa na shingo ya mpira yenye mikato, inayolainika taratibu kuelekea kwenye waya. Tone la supaglu kwenye ukingo wa sabufa ni kichwa cha chaja kisicho na shingo. Nilipoongeza gundi, nilichofanya ni kusogeza mahali pa kukatika.

Mafundi baiskeli wanalijua hili kwa mikono. Hakuna anayeziba pancha kwa supaglu. Husugua tyubu kwa msasa, hupaka solusheni, husubiri mpaka isinate kidoleni, ndipo hubandika kiraka cha mpira ambacho kingo zake zimepunguzwa unene. Kiraka kinavutika pamoja na tyubu, na pale kinapoishia hakuna ukuta.

Besi ndiyo inayoadhibu zaidi. Ili sauti ibaki na ukubwa uleule, kila idadi ya mawimbi kwa sekunde inaposhuka kuwa nusu, koni hulazimika kusafiri umbali mara nne zaidi. Noti ya hezi 50 hukunja ukingo mara 50 kwa sekunde; wimbo wa dakika nne wenye noti hiyo mwanzo hadi mwisho ungefikisha mikunjo 12,000. Kispika kidogo cha sauti nyembamba hakisafiri hivyo, kwa hiyo huweza kusamehe gundi ngumu. Hata mpasuko mdogo katikati ya koni husamehe, kwa sababu koni imekusudiwa kuwa ngumu.

Kwenye ukingo wa mpira, basi, gundi ya viatu au solusheni pamoja na kiraka chembamba cha mpira ndiyo njia ya busara. Kwenye sponji au karatasi, gundi nyeupe ya maji iliyopakwa nyembamba juu ya kipande cha karatasi ya shashi hutosha mara nyingi. Gundi za viatu zina viyeyusho vinavyoweza kuvimbisha sponji, kwa hiyo jaribu kwanza pembeni. Iache ikauke siku nzima, na koni ikae katikati: nafasi kati ya koili na sumaku ni chini ya milimita moja, na ukingo uliovutwa upande mmoja huifanya koili ikwaruze.

Kabla ya yote, isukume koni polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, tatizo liko kwenye koili, na gundi ya ukingo haiwezi kulifikia. Ukingo wa sponji nao ubonyeze kidogo. Sponji ya poliyurethani huozeshwa taratibu na unyevu na joto, vitu ambavyo buti la gari la Dar es Salaam halina uhaba navyo. Ikibaki unga kidoleni, hakuna cha kubandika. Ukingo mzima unavuliwa na kuwekwa mpya. Wangu ulikuwa mpira, kwa bahati. Kiraka chake kina miezi sasa, na kwenye noti moja ya chini bado kinanong'ona kitu.