Umeandikiwa Maegesho Kwenye Eneo la Serikali? Mjue Aliyekuandikia Kabla ya Kulipa

Tangu Serikali ihamie Dodoma, watu wengi wanaoingia mjini hapa na magari yao wana shida ya ofisini. Wametoka Manyoni, Kondoa, Kongwa au Singida, wanafuatilia barua wizarani, hati ya kiwanja, au wana mgonjwa hospitalini. Wanaegesha palipo na nafasi, wanaingia ndani, foleni inawakalisha mpaka saa nane mchana. Wakitoka wanakuta karatasi imebanwa kwenye waipa, au gurudumu limefungwa mnyororo na mlinzi amesimama pembeni.

Hapo kuna anayelipa chapchap ili yaishe, na kuna anayeikunja karatasi na kuitupa chini ya kiti. Kwenye dawati letu la msaada wa kisheria tunakutana na wote wawili, na yule wa pili ndiye anayekuja na mzigo mkubwa zaidi. Deni la Serikali siku hizi halikai kwenye karatasi. Linakaa kwenye mfumo, limeshikamana na namba ya usajili wa gari, na litabaki pale hata ukibadilisha dereva.

Kabla hujauliza ni shilingi ngapi, uliza nani ameandika na ametumia sheria gani. Mjini mambo haya yanachanganya kwa sababu hatua chache tu zinakutoa kwa mwenye mamlaka mmoja na kukupeleka kwa mwingine. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017 chini ya OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Masoko na stendi ni ya Halmashauri ya Jiji, na uwanja ulio ndani ya uzio wa wizara au hospitali unasimamiwa na taasisi yenyewe. Mkusanya ushuru wa mtaani hapati mamlaka ya ndani ya uzio kwa sababu tu geti lilikuwa wazi, na mlinzi wa ofisi hawezi kukutoza kwa gari lililosimama barabarani.

Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ushuru na faini navyo lazima viwe na sheria nyuma yake. Halmashauri hutunga sheria ndogo, na Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inataka sheria ndogo itangazwe kwenye Gazeti la Serikali ndipo ianze kutumika. Kwa hiyo maandishi ya rangi nyekundu ukutani, "Ukiegesha hapa faini 50,000", peke yake si sheria. Huenda ipo sheria inayoyabeba, huenda haipo. Omba kwa adabu utajiwe namba ya Tangazo la Serikali. Ukipigwa chenga, andika barua ya kuomba taarifa hiyo chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 30.

Nisieleweke vibaya: taasisi ina haki ya kulinda uwanja wake. Ukiziba njia ya gari la wagonjwa, hoja ya Gazeti la Serikali haitakuokoa, wala haistahili kukuokoa.

Ikiwa aliyekuandikia ni askari wa usalama barabarani, hilo ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni tuhuma ya kosa la jinai chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na faini ya papo kwa papo ni njia ya kulimaliza bila kwenda mahakamani. Ukilipa, umekubali kosa. Usitegemee kulipa leo halafu kesho urudi kupinga. Anayekataa kosa aseme hivyo mapema, akubali kupelekwa mahakamani, na huko upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka. Ujue pia kwamba hakimu akikutia hatiani hafungwi na kiwango cha papo kwa papo. Wenye pikipiki na bajaji wakague kiasi walichoandikiwa, kwa sababu mwaka 2021 faini yao ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa.

Bili ya ushuru wa maegesho haina ukali huo, na ndiyo inayopingika kwa urahisi kama una ushahidi. Ushahidi unakusanywa palepale, gari likiwa bado halijasogea. Piga picha ya gari pamoja na kitu kisichohama nyuma yake: nguzo ya taa, lango, jina la jengo. Piga picha ya mahali ambapo kibao cha maegesho kingepaswa kuwapo na hakipo, au kimefunikwa na matawi, au mistari imefutika mpaka lami imebaki nyeusi. Geuka upige na upande wa pili wa barabara. Usizikate wala kuzipamba picha hizo. Faili halisi kwenye simu linabeba saa na tarehe, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ushahidi wa namna hiyo. Hifadhi na karatasi iliyokupeleka pale: kadi ya kliniki, stakabadhi ya dirishani, barua iliyogongwa muhuri wa siku hiyo.

Kisha soma bili yenyewe herufi kwa herufi. Namba za magari yetu zinakosewa kirahisi, hasa jioni au gari likiwa na vumbi la Kondoa: B ikasomwa 8, D ikawa O. Bili inayotaja gari jeupe wakati lako ni la bluu, au saa ambayo ulikuwa Singida na una risiti ya mafuta ya huko, hiyo ni hoja tosha kuliko malalamiko ya kurasa tatu.

Ukikuta mnyororo na unahitaji mgonjwa afike nyumbani, lipa. Hakuna aibu. Lakini lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, ile wengi wanayoiita kontroo namba, yenye tarakimu 12 na inayoanza na 99. Angalia jina la taasisi itakayopokea fedha kabla ya kuthibitisha. Usimpe mtu noti mkononi wala usitume kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Anayekushinikiza ufanye hivyo, mripoti TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, ni bure. Siku hiyohiyo andika kwamba umelipa ili gari lifunguliwe, hukubali deni, na unaomba urejeshewe.

Barua iwe fupi. Iende kwa mkuu wa taasisi iliyotoa bili: Mkurugenzi wa Jiji, meneja wa TARURA wa mkoa, au mkuu wa taasisi yenye uwanja. Taja namba ya gari, namba ya bili, tarehe, mahali, kosa lililopo, na unachoomba: bili ifutwe, irekebishwe au fedha irudishwe. Peleka nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Nakala ile yenye muhuri ina thamani kuliko kupandishiana sauti getini, maana mlinzi hana uwezo wa kufuta chochote kwenye mfumo.

Wasipojibu, tumia e-Mrejesho, mfumo wa Serikali wa kupokea malalamiko kwa mtandao, au peleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo makao yake yako hapahapa Dodoma na haitozi ada. Mahakama iwe ya mwisho. Kuidai Serikali kunahitaji notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huo unazihusu halmashauri pia, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Kwa bili ya elfu chache, utaratibu huo hauna faida. Kama ni utaratibu mzima unaowaumiza watu wengi, njia ni maombi ya mapitio ya mahakama, yaani kuiomba mahakama ikague uhalali wa uamuzi, nayo yana ukomo wa miezi 6 tangu uamuzi utolewe.

Limebaki kundi moja ambalo linanisikitisha kila linapokuja: waliouza gari kwa maneno na mkono wa heri. Mnunuzi anaegesha mjini, madeni yanaingia kwa jina la muuzaji aliyeko Mpwapwa. Uhamisho wa umiliki TRA ukamilike siku mnayokabidhiana, na mkataba wa mauziano uwe na tarehe na saa. Kwa madeni yaliyokwisha kuingia, mkataba huo ndio wa kuambatisha kwenye barua, pamoja na maelezo ya mnunuzi ni nani na anapatikana wapi.