Sifa za kujiunga haziandikwi TCU, zinaandikwa idarani kwenu

"Hizo sifa zimewekwa na TCU, sisi hatuna la kufanya." Mzazi akisema hivyo msimu wa udahili namwelewa. Anaposema mjumbe wa bodi ya ndaki (kitengo cha chuo kinachokusanya idara kadhaa), tena ambaye jina lake limo kwenye timu iliyoandika mtaala, uvumilivu unaniishia.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huweka kima cha chini. Kwa mhitimu wa kidato cha sita wa kuanzia 2016, ni prinsipo mbili (masomo mawili aliyofaulu kwa daraja la A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Anayetokea stashahada anatakiwa awe na GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Zaidi ya hapo, somo gani linatakiwa na kwa daraja gani ni pendekezo la idara. Likapita bodi ya ndaki, likapita kamati ya Seneti, likapita Seneti, ndipo likapelekwa Tume kuombewa ithibati. Wapo wakaguzi watakaolihoji, na kwenye udaktari, uuguzi au uhandisi bodi ya taaluma nayo ina neno lake. Lakini aliyeanza kushika kalamu ni idara.

Sasa tazameni kalamu hiyo inavyoandika. Rasimu ya programu mpya inakuja na mstari huu: "Prinsipo mbili katika Fizikia, Kemia, Hisabati ya Juu." Ni zozote mbili kati ya hizo tatu? Au Hisabati ni lazima, kisha moja kati ya mbili zilizobaki? Ukiwauliza walioandika, wawili wanakupa majibu mawili. Kama mwaka wa kwanza una kalkulasi mihula yote miwili, basi andikeni wazi: "Prinsipo mbili, moja ikiwa Hisabati ya Juu, na nyingine mojawapo kati ya Fizikia na Kemia." Mkiuacha mstari ule wa kwanza ulivyo, mwenye Fizikia na Kemia bila Hisabati atachaguliwa kihalali kabisa, na mhadhiri wa kalkulasi atalalamika mwaka mzima kwamba Tume inawaletea wanafunzi dhaifu.

Kuna na kosa la pointi. Udaktari wa binadamu unadai prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, pointi zisizopungua 6, na angalau D katika kila somo. Watu huona maneno hayo ya mwisho kama marudio, kwa kuwa D tatu ni 6. Si marudio. Yafute, kisha chukua mwenye B ya Baiolojia, E ya Kemia na E ya Fizikia: 4 na 1 na 1 ni 6. Ameingia. Pointi ni jumla, na jumla haikuambii somo lipi limebebwa na jingine. Idara ikiongeza pointi kutoka 4 hadi 6 ikidhani imelinda ubora, mara nyingi imemfungia nje mwenye C ya somo inalolihitaji na D ya lisilohusika, ikamwachia mwenye A ya lisilohusika na E ya lile inalolihitaji.

Msiandike tahasusi pia, yaani majina ya michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano na sita. "Waliosoma PCM au EGM" (Fizikia, Kemia na Hisabati, au Uchumi, Jiografia na Hisabati) ilivumilika zamani. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya, jumla zikawa 65. Programu iliyotaja tahasusi badala ya masomo itamkataa mwanafunzi mwenye masomo yale yale yaliyopangwa chini ya herufi nyingine.

Mnazipataje basi sifa sahihi? Anzeni na kozi za mwaka wa kwanza, si na mwongozo wa chuo jirani. Kila kozi ielezwe inadai mwanafunzi ajue nini siku ya kwanza. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120: tuseme mihadhara 40, semina 20, kazi za kufanya 20, kujisomea 40. Wengi huhesabu mihadhara peke yake, ndiyo maana hesabu zao hazifiki krediti 360 kwa shahada ya miaka mitatu. Kama kozi ya kwanza itabidi itumie saa 15 kufundisha upya logarithimu, ama sifa ziko chini, ama panahitajika kozi ya maandalizi yenye krediti zake.

Hapa kuna shaka ambayo nyaraka zetu huificha. Tukiandika "awe na angalau S ya BAM", yaani ufaulu wa chini ya prinsipo katika Hisabati Tumizi ya Msingi, tumepima wapi kwamba S inamtosha mwanafunzi wa takwimu? Idara nyingi hazijawahi kuweka alama za kuingilia kando ya matokeo ya muhula wa kwanza zikalinganisha. Tunakisia kwa uzoefu. Na GPA ya 3.0 ya stashahada kutoka vyuo viwili tofauti sina hakika kwamba ni kitu kimoja, ingawa kwenye mtaala tunaziandika kana kwamba zinalingana.

Kabla ya rasimu kwenda kwenye kamati, chukueni hati 10 za matokeo zilizofutwa majina, zikiwemo za 2014 na 2015 ambazo madaraja yake yana pointi tofauti, na mbili za stashahada. Wapeni watu wawili ambao hawakuandika mtaala, kila mmoja peke yake, waamue nani anaingia. Wakitofautiana hata kwa hati moja, sentensi irudi idarani.