Kusimbua DES ya zamani kwenye Oracle, na kuihama

Bado nakutana na kanzidata za Oracle ambazo taarifa nyeti za wateja zilisimbwa kwa DES, algoriti ya usimbaji ya zamani, kupitia pakeji ya DBMS_OBFUSCATION_TOOLKIT. Pakeji hiyo ni ya enzi za Oracle 8i. Tangu toleo la 10g nafasi yake imechukuliwa na DBMS_CRYPTO. Wengi wakikabidhiwa mfumo wa namna hii huulizia algoriti. Mimi naanza na baiti, kwa sababu huko ndiko data inakopotelea.

DES husimba bloku za baiti 8. Pakeji ya zamani haijazii pengo yenyewe: ukiipa maandishi ambayo urefu wake haugawanyiki kwa 8, inakataa kwa kosa ORA-28232. Hivyo kila mwandishi wa kodi alijazia kivyake, huyu kwa nafasi tupu, yule kwa CHR(0), yaani baiti ya sifuri, kisha akakata ujazo huo kwa RTRIM baada ya kusimbua. Bila kusoma kodi iliyosimba, huwezi kujua ukate nini mwishoni.

Hatari kubwa zaidi ni matokeo ya usimbaji kuwekwa kwenye VARCHAR2, aina ya safuwima ya maandishi. Yale si herufi, ni baiti za aina yoyote. Zikipita kati ya mashine zenye seti tofauti za herufi, Oracle huzibadilisha njiani, na baiti moja ikiguswa, bloku yake yote husimbuliwa kuwa takataka. Zihifadhi kama RAW, aina ya baiti ghafi, na maandishi yenyewe yageuze kwa UTL_I18N.STRING_TO_RAW ukiitaja AL32UTF8 (UTF-8 ya Oracle) waziwazi.

Kusoma data ya zamani kwa pakeji mpya, hii inatosha:

DBMS_CRYPTO.DECRYPT(
  src => siri,
  typ => DBMS_CRYPTO.ENCRYPT_DES
       + DBMS_CRYPTO.CHAIN_CBC
       + DBMS_CRYPTO.PAD_NONE,
  key => ufunguo);

PAD_NONE (bila ujazaji) ni ya lazima hapa. Ukiweka PAD_PKCS5, pakeji itatafuta alama za ujazaji ambazo hazikuwahi kuwekwa.

Sasa ufunguo. Una baiti 8, lakini DES huipuuza biti ya mwisho ya kila baiti, hivyo zinabaki biti 56. Jaribu mwenyewe: “siri2024” na “siri3135” ni ufunguo mmoja, na maandishi yaliyosimbwa kwa wa kwanza yatafunguka kwa wa pili bila kosa lolote. Mwaka 1998 EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za kidijitali, lilitengeneza mashine iliyoupata ufunguo wa DES kwa saa 56, kwa gharama isiyofika dola 250,000. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliiondoa DES kama kiwango mwaka 2005. Kukimbilia DES ya mara tatu hakusaidii sana, maana bloku zake ni zilezile ndogo, na muda wake wa kusimba data mpya uliisha mwaka 2023 kwa mujibu wa NIST hiyohiyo.

Hamia AES, algoriti iliyochukua nafasi ya DES, ya biti 256, na kila safu ipate baiti 16 za mwanzo (IV, za nasibu, zinazofanya thamani ileile itoe matokeo tofauti) kutoka DBMS_CRYPTO.RANDOMBYTES, zihifadhiwe pamoja na matokeo. Hapa ndipo mifumo mingi hukwama. Kodi ya zamani haikuweka baiti za mwanzo, hivyo thamani ileile ilitoa matokeo yaleyale, na watu wakazoea kutafuta kwa kulinganisha siri kwa siri kwenye WHERE. Kwa AES niliyoieleza ulinganishaji huo unakufa, na ni vizuri ufe, kwa sababu ulimwonyesha yeyote mwenye nakala ya jedwali ni safu zipi zinafanana. Kama utafutaji ni wa lazima, ongeza safuwima ya HMAC (alama ya thamani inayokokotolewa kwa ufunguo) kwa DBMS_CRYPTO.MAC, yenye ufunguo wake wa pekee. Nayo huonyesha mfanano, kwa hiyo iweke tu pale ambapo utafutaji unahitajika kweli.

Funguo zote mbili, wa AES na wa HMAC, zisiwekwe ndani ya kodi ya PL/SQL, maana mwenye haki ya kusoma DBA_SOURCE, ambako Oracle huonyesha kodi hiyo, anausoma ufunguo ulioandikwa humo. WRAP, zana ya Oracle ya kuficha kodi, haiuzuii usomaji huo. Kodi iliyofungwa hivyo hufunguliwa kwa zana zinazopatikana bure.

Baada ya kulinganisha kila safu, futa safuwima ya DES, kisha shughulikia chelezo (nakala rudufu): zile za zamani bado zina data hiyo na kodi yenye ufunguo wake.