Aureus ya Didius Julianus: dhahabu ya siku 66

Aureus ni sarafu ya dhahabu ya Dola ya Kirumi, na jina lenyewe kwa Kilatini maana yake ni "ya dhahabu" tu. Tangu enzi ya Nero ratili moja ya Kirumi ilitoa sarafu 45, hivyo kila moja ilitakiwa kuwa na uzito wa gramu 7 na ushei: kipande chenye upana wa milimita 20 hivi, kinachofichika chini ya kidole gumba. Thamani yake ilikuwa dinari 25 za fedha, yaani sesterti 100. (Neno dinari tumelipata kupitia Kiarabu, ambako jina hilo la sarafu ya fedha liliishia kuwa jina la sarafu ya dhahabu.) Aureus haikuwa pesa ya kununulia mkate, ilikuwa ya malipo makubwa, ya akiba na, zaidi ya yote, ya kuwatuza askari.

Matumizi hayo ya mwisho ndiyo yanayotufikisha kwa Marcus Didius Julianus, kaisari aliyetawala siku 66 tu. Tarehe 28 Machi 193, walinzi wa kaisari walimuua Pertinax, aliyekuwa ametawala siku 87 tu, kisha wakauza kiti chake. Cassius Dio, seneta aliyekuwapo Roma wakati huo, anaeleza kwamba Sulpicianus, baba mkwe wa Pertinax, alipandisha bei akiwa ndani ya kambi huku Julianus akipandisha kutoka nje ya lango. Sulpicianus alipofikia sesterti 20,000 kwa kila askari, Julianus aliongeza 5,000 kwa mkupuo mmoja, akipaza sauti na kuonyesha kiasi hicho kwa vidole. Ahadi hiyo, iliyompa kiti, ni sawa na aurei (wingi wa aureus) 250 kwa mtu mmoja, wakati askari wa kawaida wa majeshi ya mikoani alilipwa dinari 300 kwa mwaka, yaani aurei 12.

Sarafu alizofuliwa zina picha yake mwenye ndevu, kichwani amevaa taji la majani. Upande wa pili wa baadhi yake amesimama Concordia, mungu wa kike wa maelewano, ameshika bendera mbili za jeshi, na maandishi CONCORD MILIT, "maelewano ya askari". Kwa maoni yangu ni vigumu kupata sarafu ya Kirumi iliyosema uongo waziwazi kuliko hiyo. Nyingine inamwonyesha ameshika tufe, ikimwita RECTOR ORBIS, mtawala wa dunia, ilhali majeshi ya Danube yalikuwa yamekwisha kumtangaza Septimius Severus kuwa kaisari mwezi Aprili, naye alikuwa njiani kuja Roma. Mwanzoni mwa Juni Baraza la Seneti lilimhukumu Julianus kifo, na askari mmoja akamuulia ikuluni.

Utawala wa siku 66 hauwezi kuacha sarafu nyingi. Isitoshe, Caracalla alipopunguza uzito wa aureus hadi sarafu 50 kwa ratili, zile nzito za zamani zikawa na faida kwa mwenye kuziyeyusha. Adimu vilevile ni aurei za mkewe, Manlia Scantilla, na za binti yao, Didia Clara, ambao wote wawili walipewa Augusta, cheo cha heshima cha wanawake wa familia ya kaisari, katika majuma hayo machache.