Kuomba utakatifu: tunavyodhani na ilivyo

"Ee Bwana, unitakase." Ni sala nyepesi kuitamka, na nadhani wepesi wake unatokana na kwamba haitubani. Ukiomba kazi, utajua kama umeipata au bado. Ukiomba utakatifu kwa jumla jumla, jioni hakuna atakayekuuliza umefikia wapi.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndipo upotofu unapoanzia. Katika Kiswahili, utakatifu unatokana na kutakata, yaani kuwa safi. Ndiyo maana tukilisikia neno hilo tunawaza kitu kisicho na doa, kama shuka jeupe linaloogopwa hata kukaliwa. Lakini neno la Kiebrania qadosh, ambalo katika Agano la Kale tunalisoma kama "takatifu", limebeba zaidi maana ya kutengwa kwa ajili ya Mungu. Liko karibu na neno letu wakfu. Bakuli la hekaluni halikuwa takatifu kwa kuwa lilisuguliwa kuliko mabakuli mengine. Lilikuwa takatifu kwa kuwa lilikuwa mali ya Mungu, na usafi ukafuata. Anayeomba huku akilijua hilo huanza kwa kukiri yeye ni wa nani. Madoa hushughulikiwa baada ya hapo.

"Utakatifu ni wa wachache." Hili halihitaji maneno mengi. Paulo aliwaandikia Wakorintho akiwaita "walioitwa wawe watakatifu", kisha katika barua hiyo hiyo akawakemea kwa faraka, kwa kupelekana mahakamani na kwa kulewa kwenye chakula cha Bwana. Hata Kanisa Katoliki, lenye utaratibu wake wa kuwatangaza watakatifu, liliandika mwaka 1964 katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano sura nzima juu ya wito wa watu wote kwenye utakatifu.

"Anayetaka utakatifu ajitenge na mambo ya dunia." Hapa nitakaa kidogo. Mambo ya Walawi 19 inafungua kwa agizo zito: "Mtakuwa watakatifu kwa kuwa mimi BWANA, Mungu wenu, ni mtakatifu." Ungetegemea sura iendelee na uvumba na mikesha. Ibada imo, ni kweli, lakini angalia yaliyochanganywa nayo. Mheshimu mama yako na baba yako. Usivune shamba hadi pembeni kabisa, mwachie maskini na mgeni. Ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Usimlaani kiziwi, wala usimwekee kipofu kikwazo. Usizunguke ukisengenya. Mizani yako iwe ya haki. Huo ndio utakatifu ulioagizwa, na sehemu kubwa yake hutendeka kazini, sokoni na nyumbani.

Nabii Zekaria anakwenda mbali zaidi. Kilemba cha kuhani mkuu kilikuwa na bamba la dhahabu lililochorwa maneno ya kuwa mtakatifu kwa Bwana. Zekaria anamalizia kitabu chake akiiona siku ambapo maneno kama hayo yataandikwa kwenye njuga za farasi, na kila chungu cha Yerusalemu na Yuda kitakuwa kitakatifu. Njuga za farasi na vyungu vya kupikia! Na Yesu, alipowaombea wanafunzi wake watakaswe, alitanguliza maneno haya: "Mimi siombi kwamba uwatoe katika ulimwengu."

Basi ombi la utakatifu likishuka ardhini huwa na sura nyingine: "Bwana, hela ya fundi ninayo tangu Ijumaa, leo ni Jumatano, na ninajua kwa nini sipokei simu yake." Sala ya namna hiyo haina mapambo, lakini ukiisali huwezi kuendelea kukaa na hela hiyo kwa raha.

"Ukishaomba, Mungu atakuondolea tabia mbaya." Mimi mwenyewe niliishikilia dhana hii kwa miaka. Asubuhi moja nilisali Zaburi 141: "Ee BWANA, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu." Kabla ya saa sita mchana mtu mmoja akanisema vibaya kwenye kundi la simu, mbele ya watu ninaowaheshimu. Nikaandika jibu. Lilikuwa jibu zuri, nakiri, kila neno na ncha yake. Kidole gumba kikasimama juu ya kitufe cha kutuma (siku hizi mlango wa midomo uko hapo). Nilidhani aliyeomba hatakuwa na hasira. Hasira ilikuwepo yote, haikupungua hata chembe. Kilichoongezeka ni kama sekunde tatu za kukumbuka nilichoomba. Nikafuta. Juma lililofuata, kwa jambo dogo kuliko hilo, nilituma.

Paulo anawaambia Wafilipi wautimize wokovu wao wenyewe "kwa kuogopa na kutetemeka", na hapo hapo, bila kupumua, anaongeza: "kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu". Ukichukua nusu ya kwanza peke yake utachoka. Ukichukua ya pili peke yake utabweteka. Zile sekunde tatu sikuzitengeneza mimi. Kufuta, lakini, kulibaki kazi ya kidole changu.

Kuhusu urefu wa sala na ukubwa wa sauti, Mathayo 6 imeshasema: tusipayuke-payuke. Mkesha una nafasi yake na kufunga kuna nafasi yake, ila dakika hazimshawishi Mungu.

"Nimeanguka, sina uso wa kuomba utakatifu." Zaburi 51 inawekwa, katika kichwa chake, baada ya nabii Nathani kumkabili Daudi kwa ajili ya Bathsheba. Uzinzi ulikuwa umeshafanyika, na Uria, mume wa mwanamke huyo, alikuwa ameshauawa. Ni kutoka kwenye shimo hilo tulipoipata sala ya "Ee Mungu, uniumbie moyo safi". Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa "uniumbie" ni kile kile cha mstari wa kwanza wa Biblia, Mungu alipoziumba mbingu na nchi. Daudi haombi moyo wake upigwe viraka. Angesubiri hadi ajisikie safi kidogo, zaburi hiyo isingeandikwa.

"Nikiomba vya kutosha nitajisikia mtakatifu." Mara nyingi huwa kinyume, na hilo huwatisha watu wakadhani wanarudi nyuma. Farisayo wa Luka 18 ndiye aliyejisikia vizuri hekaluni. Mtoza ushuru alijipiga kifua, na ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Isaya alipomwona Bwana ameketi katika kiti cha enzi, huku maserafi wakiita "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu", kilio chake kilikuwa "Ole wangu!" Wala hakuishia kwenye kilio cha jumla. Alitaja mahali penyewe: midomo michafu. Serafi akachukua kaa la moto kwa koleo kutoka madhabahuni, akaligusisha pale pale, midomoni.