Je, wajua kwa nini, kwenye bwawa la ndani, hewa huwagharimu madiwani kuliko maji?

Aprili 2022 jiji la Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, lilifungua jengo la michezo la St Sidwell's Point. Lilimeza zaidi ya pauni milioni 40. Ndani mna gimu, spa na mabwawa, na kichwa kiliwauma wasanifu zaidi kwenye mabwawa. Si kwa sababu ya maji. Ni hewa iliyo juu yake.

Chukua bwawa la kawaida la halmashauri za huko: mita 25 kwa 13, njia sita, kina cha wastani mita 1.5. Hizo ni kama lita 487,500 za maji ya nyuzijoto 28. Waogeleaji wakiwa ndani, kila mita ya mraba hupoteza takriban gramu 200 za maji kwa saa kwa njia ya mvuke. Zidisha kwa mita za mraba 325: lita 65 kila saa. Kila lita inayopaa huondoka na joto la uniti (kilowati-saa) 0.68 hivi, kwa hiyo boila inafidia kilowati 44 mfululizo, sawa na mabirika 22 ya umeme yanayochemka bila kuzimwa.

Huku pwani mabwawa mengi yako wazi, mvuke unakwenda zake na upepo. Kwenye baridi ya Ulaya umefungiwa ndani, nao unatafuta pa kutua. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 60 huweka matone juu ya kitu chochote chenye nyuzi 21 kushuka chini. Kioo cha dirisha mwezi Januari, kichwa cha msumari uliotoboa ukuta, boriti ya chuma inayotokeza nje: vyote hutoa jasho, na jasho lenyewe lina klorini.

Klorini hiyo imewahi kuua. Mei 1985, mjini Uster, Uswisi, dari ya zege iliwaangukia waogeleaji na watu 12 wakafa. Fito zilizoishikilia zilikuwa za chuma cha pua, kile kile kinachosifiwa kwamba hakishiki kutu. Chuma hicho kikiwa kimevutwa na uzito, klorini hukipasua taratibu kwa nyufa nyembamba, na kwa macho unaweza usione kitu.

Dawa ya zamani ni feni: toa hewa yenye unyevu, ingiza ya nje, ipashe moto. Hapo jiji linalipa mara mbili, maana hewa kavu huyafanya maji yapae upesi zaidi. Exeter walifuata Passivhaus, kiwango cha ujenzi wa majengo yasiyopoteza joto ovyo, kama Bamberg na Lünen za Ujerumani zilivyofanya mwaka 2011: kuta nene za kuzuia joto na vioo vya tabaka tatu. Kioo kikibaki na uvuguvugu hakitoi jasho, basi unyevu unaachwa upande kidogo, maji hayapai sana, na feni zinapunguzwa mwendo.

Mambo huharibika pale makisio yanapozidi na baraza linatafuta pa kukata. Hukatwa kisichoonekana. Nailoni ya kuzuia mvuke ndani ya ukuta hubadilishwa kwa ya bei rahisi, kisha fundi umeme anaitoboa. Chumba cha mitambo hupunguzwa, halafu siku ya kubadilisha tangi la kichujio linagoma kupita mlangoni. Bora kukata kina: sentimita 10 tu ni lita 32,500 ambazo hutazichuja wala kuzipasha moto. Turubai la kufunika bwawa usiku nalo ni la bei ndogo, na ndilo la mwisho ningekubali lifutwe.

Bwawa la watoto lisiwadanganye kwa udogo wake. Maji ya bwawa kubwa hupita kwenye vichujio yote mara moja kwa saa tatu au nne. Ya watoto yanatakiwa kupita chini ya saa moja, na sababu kila mzazi anaijua.

Halafu kuna sentimita. Mkandarasi akiacha mita 25 kamili kati ya zege na zege, ameshaharibu: vigae na gundi hula karibu sentimita 2 kila upande, na kibao cha kugusia cha saa ya mashindano kinakula 1 nyingine. Bwawa la mita 24.95 litafundishia watoto vizuri tu, ila rekodi haitatambuliwa, na kulirefusha ni kubomoa ukuta.